Hakuna Dawa ya Kumponya, Lakini Yapo ya Kumtendea



Mwezi huu napenda kuzungumza na wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu nyumbani, hasa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Nazungumza pia na majirani na wanajumuiya wao, maana mzigo huu haukukusudiwa kubebwa na mama peke yake. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika hospitali nisiyoitaja hapa, mama mmoja kutoka kijiji cha mbali aliniletea mtoto wake wa kiume wa miezi kumi. Shingo ilikuwa haijakaza, miguu ilikuwa migumu kama vijiti, na mikono yote imekunja ngumi. Foleni ya siku ile ilikuwa ndefu hadi nje ya mlango. Nilimtazama mtoto, nikaandika kwenye kadi, kisha nikamwambia, "Mama, mtoto wako ana mtindio wa ubongo. Ugonjwa huu hauna dawa." Nikamwita anayefuata.

Nilichosema kilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya ukweli.

Mama yule hakurudi. Nilimwona tena mtoto alipokuwa na miaka mitano, tena kwa sababu ya nimonia. Alikuwa na uzito wa kilo tisa. Miguu ilikuwa imepishana kama mkasi, na magoti hayakunyooka tena. Siku zote alilishwa akiwa amelala chali, na uji ulikuwa ukiingia kifuani. Nilipomuuliza mama kwa nini hakurudi kliniki, alinijibu kwa upole, wala hakuwa na hasira: "Sista, wewe mwenyewe uliniambia hakuna dawa."

Ndugu msomaji, jibu lile sijalisahau mpaka leo. Makala hii ni ile nusu ya pili ya maneno niliyopaswa kumwambia siku ile.

MTINDIO WA UBONGO NI NINI?

Ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kuumia au kutokua vizuri, akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Sehemu ya ubongo inayoongoza misuli haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana mtoto mmoja huwa mgumu, mwingine huwa mlegevu, na mwingine hutikisika bila kupenda. Wengine wana shida pia ya kuona, kusikia, kusema, au wana kifafa. Lakini wapo wengi ambao mwili umekataa na akili ni nzima kabisa. Usidhani kwamba mtoto asiyeweza kusema hana la kusema.

Sababu zinazojulikana ni kama hizi: mtoto kuchelewa kupumua baada ya kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani, au kuumia kichwa. Mara nyingine sababu haijulikani.

Baadhi ya hayo yanazuilika. Ndiyo maana tunawasihi akina mama wahudhurie kliniki na wajifungulie mahali penye mkunga aliyefunzwa. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 za Tanzania, Haydom ya hapa mkoani kwetu ikiwa mojawapo, walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyelia apumue katika dakika yake ya kwanza. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua karibu nusu katika hospitali hizo. Dakika moja ile ina thamani kubwa.

SI LAANA, WALA SI KOSA LA MAMA

Katika vijiji vyetu vya Babati, awe ni Mwiraqw, Mgorowa, Mbugwe au Mrangi, mtoto wa namna hii akizaliwa watu huanza kunong'ona. Wengine husema mama alivunja mwiko. Wengine husema ukoo una laana, au baba ametoa mtoto apate utajiri. Nimeona familia zikiuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba, kwa kuzunguka kwa waganga na kwa watu wanaoahidi miujiza kwa malipo. Mtoto harudi na afya, na nyumbani hakuna tena maziwa ya kumpa.

Mitume nao walikuwa na fikra hizo. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Bwana kama aliyekosa ni yeye au ni wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kisha hakuishia kwenye maneno, alifanya kazi kwa mikono yake, kwa tope na mate, akampeleka yule mtu kunawa. Nasi tuache kutafuta mkosaji, tutafute kazi ya kufanya.

Ukilia usiku kwa ajili ya mtoto wako, usidhani huna imani. Hata Mama Maria alichomwa moyo kwa ajili ya Mwanae. Lia, mama, kisha asubuhi amka umlishe.

USICHELEWE: YAPO YANAYOTIBIKA

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha kwanza mtoto ameonwa na mganga wa kituo cha afya au hospitali. Yapo matatizo yanayofanana na ulemavu wa maisha, kumbe yana matibabu mazuri yakiwahiwa:

1. Mguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Mtoto akiletwa katika wiki za mwanzo, miguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa kufungwa plasta kila wiki. Wengi hupona bila upasuaji mkubwa.

2. Mdomo sungura. Hushonwa. Wakati wa kusubiri, mama aelekezwe namna ya kumlisha ili mtoto asikonde.

3. Kichwa kinachokua haraka kupita kiasi, au uvimbe mgongoni tangu kuzaliwa. Hili ni la haraka. Maji yanayojaa kichwani huubana ubongo kila siku inayopita. Upasuaji upo, kwa mfano katika Taasisi ya MOI pale Muhimbili.

4. Masikio yanayotoa usaha na macho yenye ukungu mweupe. Mtoto asiyesikia au asiyeona huweza kuonekana mzito wa akili, kumbe sivyo.

Mlete mtoto kliniki ukiona hajakaza shingo akiwa na miezi 4, hajakaa mwenyewe akiwa na miezi 9, au hajatembea akiwa na miezi 18. Usikubali kuambiwa "atakua tu". Huenda ni kweli atakua, lakini aangaliwe.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa nakuja kwenye yale niliyoyanyamaza siku ile. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mikono, uvumilivu na kurudia kila siku.

Kumlisha. Usimlishe mtoto akiwa amelala chali, na usimbane pua ili ameze. Mkalishe wima mapajani, mgongo ukiegemea mkono wako, na kichwa kiiname mbele kidogo. Kichwa kikirudi nyuma, chakula huingia kwenye njia ya hewa. Uji uwe mzito kiasi, maana uji mwepesi sana humpalia kwa urahisi. Tumia kijiko kidogo, weka chakula katikati ya ulimi, subiri ameze ndipo uongeze. Chakula cha mtoto huyu kiwe na nguvu kwa sababu anakula kidogo na misuli yake inatumia nguvu nyingi. Changanya uji na maziwa, karanga zilizosagwa, yai au kijiko cha mafuta. Parachichi lililopondwa ni zuri mno, na kwetu linapatikana. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Akikohoa kila anapokula, mlete tumwone.

Kumkalisha. Mtoto anayelala mchana kutwa huona dari tu. Akikaa huona watu, na mikono yake hupata kazi. Mwombe fundi seremala akutengenezee kiti cha kona, chenye pembe mbili za kumshika mgongo, kigingi laini katikati ya miguu na meza ndogo mbele. Kabla ya kukipata, mkalishe kwenye kona ya nyumba au ndani ya beseni kubwa, ukimzungushia nguo kuukuu. Mbadilishe mkao mara kwa mara ili asipate vidonda.

Kumbeba. Mtoto mgumu usimbebe kama mtoto mchanga, miguu ikiwa imebanana. Mpakate ubavuni au mbebe mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imepanuka pande mbili. Kila unapokwenda kisimani au sokoni unakuwa umemfanyisha mazoezi.

Kumnyoosha. Wakati wa kuogea kwa maji ya vuguvugu misuli hulegea. Hapo nyoosha polepole goti, kisigino, kiwiko na vidole, kimoja kimoja. Shikilia ukihesabu hadi 20, kisha achia. Usivute kwa nguvu wala kwa ghafla. Akilia kwa maumivu, acha uje uulize. Kazi hii ikifanyika kila siku tangu utotoni, miguu haipishani kwa urahisi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha mara ya kwanza, lakini mwenye kuifanya kila siku ni wewe.

Kusema naye. Mwite kwa jina lake. Mwulize jambo, kisha subiri. Mtoto huyu anahitaji muda mrefu kujibu, na jibu lake laweza kuwa jicho, tabasamu au sauti moja. Mama anayesubiri hujifunza lugha ya mtoto wake kuliko daktari yeyote.

KAMA ANA KIFAFA

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni wala maji. Angalia saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.

Mate ya mgonjwa wa kifafa hayaambukizi kifafa. Hofu hii ni ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofika Mahenge mkoani Morogoro karibu na mwaka 1960, alikuta wagonjwa wametengwa na wameungua moto kwa sababu watu waliogopa kuwagusa hata wakiangukia mekoni. Alianzisha kliniki ya kifafa hukohuko, na watu wengi waliokunywa vidonge kwa utaratibu walirudi kuishi kati ya ndugu zao.

Nasisitiza hilo neno utaratibu. Usiache vidonge kwa sababu mtoto hajaanguka kwa miezi mitatu. Hajaanguka kwa sababu anakunywa vidonge! Ukiacha ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na linaweza kumuua. Fuata dawa kabla hazijaisha, na zingira mafiga ili asiangukie moto.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, nakuomba usome sehemu hii mara mbili. Katika miaka yangu ya kazi nimeona akina mama wengi wakija kliniki na mtoto huyu mgongoni, wakiwa peke yao. Nikiuliza baba yuko wapi, wengine huinamisha kichwa. Ameoa mwingine, au amesema kwao hawazai watoto wa namna hii.

Mtindio wa ubongo hauchagui ukoo. Mtakatifu Yosefu alipewa mtoto asiyemtarajia kwa namna asiyoielewa, naye akampokea, akamlinda na kumfanyia kazi. Umbebe mtoto wako mwenyewe siku ya Dominika mbele ya watu. Siku hiyo minong'ono mingi itakwisha. Nyumbani, shika zamu moja, kumwogesha au kumlisha jioni, ili mama apumzike. Mama aliyechoka kupita kiasi huishia kumpiga mtoto au kuugua mwenyewe. Na watoto wengine wa nyumbani msiwasahau. Nao wana maswali na wanahitaji muda wenu.

JUMUIYA NI WALE WATU WANNE

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, tunasoma habari za mtu aliyepooza kule Kafarnaumu. Hakufika kwa Yesu mwenyewe. Alibebwa na watu wanne, nao walipokuta mlango umejaa walipanda juu wakatoboa dari. Mwinjili anatueleza kwamba Yesu alitazama imani ya hao wabebaji.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zijiulize: kati yetu yuko mtoto wa namna hii? Nani wanambeba? Mama huyu amechoshwa na neno "pole". Haya ndiyo yanayomsaidia:

1. Watu wawili wakae na mtoto saa mbili kila Jumamosi, ili mama aende sokoni, afue au alale tu.

2. Jumuiya ichange nauli ya bodaboda au basi siku ya kliniki, na fedha za vidonge vya mwezi.

3. Fundi wa jumuiya atengeneze kiti cha kona. Ni mbao chache na nusu siku ya kazi.

4. Sala ya jumuiya ifanyike nyumbani kwake pia, na mtoto akae katikati ya watu, asifichwe chumba cha ndani.

5. Tuache majina ya kudhalilisha kama "taahira" na "zezeta". Ana jina la ubatizo.

Na wazazi msiogope kumwendea paroko kuhusu sakramenti. Mwaka 2007 Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI, katika waraka wake juu ya Ekaristi uitwao Sakramenti ya Upendo, alieleza kwamba Komunyo Takatifu itolewe, kila inapowezekana, kwa mbatizwa na mwenye kipaimara aliye na ulemavu wa akili, kwani huyo anaipokea katika imani ya familia yake au ya jumuiya inayomsindikiza. Mnaona? Ni wale wale watu wanne wa Kafarnaumu.

SHULE NA MSAADA WA SERIKALI

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma na kutibiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivyo, na nchi yetu ilikwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009. Mtoto akikaribia umri wa shule, nenda halmashauri umwone Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu, akueleze shule yenye kitengo kinachomfaa. Mwone pia Afisa Ustawi wa Jamii, na umwombe mwenyekiti wa kijiji au mtaa amwandikishe mtoto wako. Mtoto asiyeandikwa popote husahaulika msaada unapogawiwa.

Kwa viti vya magurudumu, viatu na vifaa vya kushika miguu, omba rufaa. KCMC ya Moshi ni mahali wanapofundishwa mafundi wa vifaa hivyo, na CCBRT ya Dar es Salaam imewahudumia watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Usianze safari kwa kusikia maneno ya njiani. Pata kwanza barua ya rufaa na uhakika wa siku ya kliniki, ili nauli yako isipotee bure.

NA YULE MTOTO?

Miguu yake haikunyooka kabisa. Tulikuwa tumechelewa, nami nina sehemu yangu katika kuchelewa huko. Lakini tulimfundisha mama kumlisha akiwa wima, na kwa mwaka mmoja uzito ulipanda hadi kilo kumi na tatu. Nimonia zilipungua. Jumuiya yao ilimtengenezea kiti. Alipoanza kukaa, bibi yake aliweza kubaki naye, na mama akapata nafasi ya kwenda mnadani kuuza vitunguu. Siku moja aliniambia kwamba kijana husikia ngoma ya kwaya kabla ya wote nyumbani, na hucheka kwa sauti mpaka wampeleke kanisani.

Baadaye mama huyo alikuwa akija kliniki hata siku ambazo hazikuwa zake. Alikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wapya, akachukua kijiko na kikombe, akawaonyesha namna ya kuinamisha kichwa cha mtoto. Mama mpya alipoambiwa na daktari kwamba hali hii haina dawa ya kuiponya, yeye alidakia kabla yangu: "Ndiyo, haina. Sasa njoo hapa nikuonyeshe la kufanya."

Basi wewe uliyemficha mtoto chumbani, mlete. Ukiwa uliambiwa nusu ya ukweli kama nilivyosema mimi, rudi umaliziwe nusu iliyobaki. Na jirani, nenda kambebe.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu wote. Tuonane mwezi ujao.